Imbwa wa Amina

Musicheke. Ninasema tena, musicheke. Kila jioni munapita hapa na mabidoni ya maji, munasimama nyuma ya ukuta wangu wa matete, munangoja nimalize kusali ili muone imbwa wangu anaenda kukojoa. Munapigana viwiko. "Mama Verdiane, imbwa wako alibatizwa na nani?" Sawa. Leo kaeni chini, niwaambie. Lakini muntu akicheka katikati nitamumwagia maji ya vyombo, na munanijua.

Baba yetu alizaa wengi, tukabaki watatu. Karangwa njo mukubwa, muntu wa mashamba na maneno mingi. Straton alikuwa wa katikati. Mimi njo wa mwisho, na hasira zote za nyumba nilirisi mimi. Habari ninayotaka kuwapa ni ya Straton. Hakuwa chifu, hakuwa katekista, hakuwa na ngombe hata mumoja. Alilima maharagi na muhogo hapa hapa Ngungu, ku kilima hiki munachokanyaga, na alikohoa. Tangu utoto kifua chake kilikuwa kibovu. Kikohozi kimoja, kifupi, kikavu, basi. Mama alikuwa anasema hana haja ya kuamka kuhesabu watoto, akisikia Straton anakohoa anajua nyumba iko salama.

Na alipenda imbwa. Wakati ule watu walipenda imbwa kwa kumutupia mufupa na kumupiga teke kwa mufupa ule ule. Straton alikuwa anakaa chini na kuwaangalia. Juu ya nini imbwa anazungukazunguka mbele ya kujisaidia? Juu ya nini akimaliza anakwaruza udongo na miguu ya nyuma, na hafuniki kitu? Juu ya nini anakula majani kisha anatapika, kisha anafurahi? Watu wanaongea mambo ya vita ya Wazungu, yeye anaongea mavi ya imbwa. Nilikuwa ninamuambia, "Kaka, wewe utakufa masikini." Alijibu, "Nitakufa ninajua kitu."

Imbwa wake alikuwa jike, mwembamba, mwekundu, na muguu mumoja mweupe. Alimupata kwa muwindaji mumoja wa porini, akamurudisha nyumbani ndani ya kapu. Majirani waliuliza kanyama kembamba hivi katafaa nini. Straton akasema, "Tutaona." Jina likashika pale pale. Tutaona.

Sasa, Tutaona akiwa mudogo alikuwa anakojoa mu nyumba, na ku mukeka wa Nyirabagenzi, muke wa Straton. Nyirabagenzi ni mwanamuke wa maneno machache. Siku ya ine alisema maneno yake: "Ao imbwa, ao mimi." Straton akafikiri. Wakati ule tulikuwa tunasali jioni pamoja mu nyumba yake, na yeye njo alikuwa anatuongoza. Akifika mwisho alikuwa anasema Amina kwa namna yake, ndefu, ya chini, "Amiiina," sababu pumzi ilikuwa inamuishia, na nyuma yake kikohozi. Basi akaanza kufanya hivi: akisema Amina na kukohoa, anabeba ule mutoto wa imbwa mbio, anamuweka karibu na mulango wa lupango, ule uwanja wetu wa ukuta wa matete, pale palikuwa nusu ya jiwe la kusagia la mama yetu, lililopasuka zamani. Anangoja. Tutaona anazunguka mara tatu, anachuchumaa, anakojoa. Straton anamupa kipande cha kiazi na kumusifu kama muntu aliyezaa mapacha. Mwezi haukuisha, hakukuwa tena haja ya kumubeba. Straton akisema Amina, imbwa anasimama mwenyewe, anatoka, jiwe, mara tatu, kazi inaisha.

Ila ilikuwa lazima Amina ya Straton. Nikisema mimi, Tutaona analala. Katekista akisema, analala. Karangwa alijaribu siku moja mu lupango, Amina! Amina! mpaka majirani wakauliza kama padri amefika. Imbwa alimuangalia, akapiga mwayo.

Kuna Dimanche moja, siku ya Mungu, katekista aligonjwa na Straton akaongoza sala ku kapela. Munajua kilichotokea. Amiiina, kikohozi, na Tutaona, aliyekuwa amelala nje, akazunguka mara tatu ku jiwe la mulangoni na kukojoa mbele ya wakristo wote wanaotoka. Katekista aliposikia alikuja na fimbo, anasema imbwa huyu ana shetani, auawe. Straton akamujibu kwa heshima, "Papa katekista, shetani akisikia Amina anakimbia. Huyu anaitikia." Watu walicheka wiki nzima. Imbwa akapona.

Neno lingine moja, na hili mulishike vizuri. Tutaona akichuchumaa pale ku jiwe alikuwa anamuangalia Straton machoni, bila kupepesa. Mimi nilisema, "Imbwa gani huyu hana haya?" Straton akasema, "Si mambo ya haya, Verdiane. Imbwa akichuchumaa hawezi kukimbia, hawezi kuuma. Anaangalia yule anayemuamini, amulindie mugongo. Imbwa mwenye kuogopa hakojoi hivyo. Anabana mukia na kukimbia." Nilimucheka. Nilimuambia anasoma makojo wakati wenzake wanasoma katekisimu. Lile neno nililisahau mara moja tu mu maisha yangu.

Mwaka wa arobaini na tatu vita ya Wazungu ikataka mpira, ule utomvu wa miti, na mpira ulikuwa mu pori ya Walikale. Leta, serikali ya Wazungu, ikasema kila lupango itoe mwanaume mumoja. Lupango yetu ilikuwa na wawili. Karangwa, mukubwa, mwenye afya ya dume la ngombe, akaamka asubuhi ile muguu unamuuma. Ayi! Ule muguu ulimuuma siku moja tu. Straton akaenda na kifua chake. Tutaona tulimufunga kamba ku nguzo asimufuate, akaiuma mpaka meno yakatoka damu. Emérita, mutoto wao, alikuwa na miezi miwili. Straton alimushika kichwa, akakohoa, akapanda njia ya Walikale na kapita, musimamizi wao wa kazi, mbele.

Yule imbwa hakula siku tatu. Kisha akaanza tena kukojoa mu nyumba, ku mukeka wa Straton, pale pale bwana wake alipokuwa analala. Watu walisema ni mukosi, ametabiri kifo, mumupige. Nyirabagenzi hakumupiga. Alitoa mukeka juani, akaurudisha, kesho tena vile. Aliniambia, "Anamutafuta harufu." Baadaye Tutaona akatulia, akawa anajisaidia mu maharagi kama imbwa wote wa kilima. Lakini ku jiwe, hapana. Mwaka mzima hakuligusa hata kwa bahati mbaya.

Halafu kapita akarudi. Alikuja na kapu la Straton na rozari yake, akasimama hapa mulangoni, akavua kofia. Alisema walikuwa wanavuka muto wa Oso, maji yalikuwa mingi, yeye mwenyewe kwa macho yake aliona kichwa cha Straton kinaingia na hakikutoka. Nilipiga yowe mpaka sauti ikakatika. Mimi njo nililia wa kwanza, na hilo lina uzito kwetu, ngojeni niwaeleze.

Sisi wa kilima hiki, hata na ubatizo wetu, muntu akifa mbali na maiti hapatikani, tunakata kigogo cha mugomba, tunakifunga mu mukeka, tunakizika ndani ya lupango. Hapo muntu amekufa kabisa. Wazee walituachia na sheria yake. Ikiwa yule muntu kumbe iko hai na amerudi, haruhusiwi kupita mulango wa lupango, haruhusiwi kuita jina la muntu yeyote wa nyumba. Akiita, aliyeitwa anakufa. Anasimama nje jioni tatu, anangoja. Dada yake aliyelia wa kwanza njo anachukua jembe na kuchimbua kigogo, kisha anamuambia, ingia. Lakini ikiwa ni muzimu anayedanganya, dada anamutupia majivu ya jikoni. Majivu yanafunga njia. Aliyetupiwa majivu hana kwao tena, awe hai, awe mufu. Ile sheria tuliijua wote, na hakuna hata mumoja aliyekuwa ameiona inafanya kazi. Nani alikuwa amerudi? Hakuna.

Tulizika kigogo pale, karibu na ile miti ya mugomba. Nyirabagenzi akanyoa kichwa. Karangwa akaanza kuja kusali na sisi jioni, jambo ambalo mbele hakulifanya, na akasema maharagi yakivunwa atamuchukua muke wa marehemu, ni desturi. Nyirabagenzi hakujibu ndiyo, hakujibu hapana.

Miezi miwili haikupita, Emérita akashikwa na homa. Ilikuwa wakati wa kungu, munajua kungu ya hapa, inashuka saa kumi na moja, unanyoosha mukono na kukosa vidole. Jioni ya kwanza tulikuwa mu nyumba, mimi, Karangwa, Nyirabagenzi na mutoto mu magoti. Tutaona alikuwa amelala karibu na moto. Mimi njo niliongoza sala. Nikasema Amina.

Tutaona akainua kichwa. Hakuniangalia. Masikio yalisimama, akasimama naye, akatoka mulangoni polepole. Nilimufuata kwa macho. Alienda ku jiwe. Akazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Akachuchumaa, akakojoa, na macho yake yalikuwa ku ukuta wa matete, mu kungu, hayapepesi.

Sisi hatukusikia kitu. Karangwa akasema kwa sauti ya chini, "Anaona bazimu." Akafunga mulango.

Kesho yake, vile vile. Nikasema Amina, na safari hii nikashika pumzi. Tutaona akatoka, jiwe, mara tatu. Na nyuma ya matete nikasikia, ao nikazani nimesikia, kitu kifupi, kikavu. Mara moja. Nyirabagenzi alinishika mukono mpaka kucha zikaingia.

"Wifi," akasema. "Ni yeye. Chimbua."

"Ni matete yanagongana," Karangwa akasema.

"Wifi, shika jembe. Imbwa hafanyi vile kwa muntu mwingine."

"Njo maana ninasema ni yeye!" Karangwa akafoka. "Ni yeye, mufu! Kapita aliona na macho. Munataka kumuchimbulia njia aingie mu nyumba ya mutoto mugonjwa? Sawa, chimbueni. Kesho tutachimba shimo lingine, dogo."

Munaona nilivyokuwa? Kama kaka yangu iko hai na nisipochimbua, nimemuua. Kama amekufa na nikichimbua, nimemuua mutoto wake. Na hakuna mwingine wa kuamua, sababu mimi njo nililia wa kwanza. Asubuhi nilichukua jembe. Nilifika mpaka ku kigogo, nikanyanyua jembe. Mutoto akalia ndani, mulio mubaya, na nilipokimbia nikamukuta amekaza mwili, macho yamegeuka meupe. Tulimupepea, tulimumwagia maji, akarudi. Nyirabagenzi aliniangalia juu ya kichwa cha mutoto na midomo yake ikasema bila sauti, chimbua. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuogopa, na mimi nikiogopa ninakasirika. Nilimukasirikia Straton. Nilisema, kwa nini amefuata mutoto wake? Pori yote ile haimutoshi?

Jioni ya tatu sikusali vizuri, nilikimbiza maneno. Amina. Tutaona akatoka. Akazunguka, akachuchumaa, macho ku ukuta. Na mukia wake, nyinyi watoto, mukia wake ulikuwa unatikisika. Niliona. Sitasema sikuona. Niliona ule mukia unapepea polepole na mimi nikainama, nikajaza majivu mu chungu kilichopasuka, nikakibeba kwa mikono miwili.

Nyirabagenzi alinishika kitambaa. Nilikivuta, kikapasuka. Nikatoka mu kungu, nikaenda mpaka ku matete, nikatupa majivu yote upande wa pili.

"Kama uko Straton, ulikufa!" nikapiga kelele. "Tulikulia, ikaisha! Rudi kule! Utuachie mutoto!"

Matete yakatikisika. Hakuna sauti. Tutaona peke yake akaenda ku ukuta, akaingiza pua mu matete, akalia kidogo.

Asubuhi imbwa hakuwako. Na jiwe halikuwako. Pale lilipokaa miaka yote palikuwa kishimo cheupe cha majani yaliyokosa jua, na minyoo inakimbia mwangaza. Karangwa akasema, "Muzimu ametwaa vyake, tushukuru." Mimi nilisimama pale na kishimo mbele yangu, na swali likaniingia: bazimu wanabeba mawe? Nililisema ndani. Kwa kinywa sikulisema, sababu Emérita aliamka siku ile anaomba chakula, homa imekwisha, na kilima kizima kikanisifu. Walisema Verdiane ana moyo wa mwanaume. Walisema majivu yangu yalimuponyesha mutoto.

Maharagi yakavunwa. Karangwa akamuchukua Nyirabagenzi, naye akamuzalia watoto wawili. Alipika, alilima, aliheshimu. Na mimi alikuwa ananiambia tu, "Chumvi iko wapi?" na "Maji yamekwisha." Miaka nane, chumvi na maji.

Mimi niliolewa upande wa pili wa kilima, na bwana muzuri, hana ulevi, hana fimbo. Lakini alikuwa anakohoa usiku. Ninaamka jasho linanitoka, ninatafuta mulango. Alijaribu kukohoa ku shuka nisisikie, masikini. Nilirudi kwetu, na mpaka leo hajui alinikosea nini. Hapa nyumbani pia sikupumzika. Chungu kikichemka, nilisikia. Mvua ikianza ku majani ya mugomba, matone ya kwanza, moja, moja, nilisikia. Kila jioni nikisema Amina niliacha mudomo wazi na kusikiliza, na sikujua ninataka kusikia ao kutosikia.

Mwaka wa hamsini na mbili, siku ya soko hapa Ngungu, nimeweka maharagi yangu chini, karibu nami kulikuwa muntu mugeni anauza mawese. Mwanaume wa makamo, mukristo, na medali ku shingo. Alisema jina lake Marcellin, ametoka Buleusa, mbali, upande wa Walikale, siku ine za miguu. Alikuwa na imbwa. Mwembamba, mwekundu. Nilitazama pembeni. Imbwa wekundu ni wengi.

Watu walikuwa wanamutania kuhusu ule imbwa, naye akasema, "Musimudharau, huyu ni mukristo kuwashinda. Akisikia Amina anakojoa." Wakacheka, wakaanza, Amina! Amina! Imbwa akalala. "Hapana," Marcellin akasema, "munasali vibaya. Ni hivi, muzee wetu alikuwa anasema hivi." Akavuta pumzi.

"Amiiina." Na akakohoa. Kimoja, kifupi, kikavu.

Imbwa akasimama. Kulikuwa jiwe nililokuwa nimeegemeza kapu langu. Akazunguka mara tatu, akachuchumaa, akakojoa, macho ku Marcellin. Soko lilianguka kwa kicheko. Mimi nilikaa mu maharagi yangu.

Nikauliza, "Papa, huyu muzee wenu jina lake nani?"

"Marehemu," akasema.

"Ninajua amekufa, ninauliza jina."

"Njo jina, Mama. Alitukuta mwaka wa arobaini na ine, imbwa jike nyuma yake na jiwe ku kichwa. Jiwe la kusagia, nusu. Ana majivu ku shingo na ku masikio, na hakutaka kunawa siku saba. Tukamuuliza, wewe nani? Akasema, mimi niko marehemu, kwetu nimekwisha kuzikwa. Tukazani ana wazimu. Kumbe ni muntu muzuri. Alilima na sisi, alitibu imbwa za kilima chote. Huyu ni mutoto wa mwisho wa ule jike. Mama aliitwa Tutaona. Huyu, muzee alimuita Tumeona."

"Na muto wa Oso?"

Aliniangalia. "Unajua habari ya muto? Alitoroka ku mpira, kifua kilikuwa kinamuua. Kapita wake aliogopa kupigwa kwa kupoteza muntu, njo akasema alizama."

"Alikufa lini?"

"Mwezi ule wa kupalilia maharagi. Kifua. Jiwe lake tulimuwekea ku kichwa cha kaburi."

Mwezi wa kupalilia. Wakati ule mimi nilikuwa mu shamba ninapalilia, miguu yangu mizima, Buleusa iko siku ine. Miaka nane alikuwa siku ine za miguu.

Nikamuuliza la mwisho. Niliuliza na macho chini, ninakusanya maharagi, sababu hakujua mimi ni nani. "Alisema nini juu ya watu wake? Aliwalaani?"

"Hapana, Mama. Hakulaani muntu. Alikuwa anajicheka mwenyewe. Alisema alisimama nyuma ya matete jioni mbili, hawezi kuita, sheria inakataza, akasema nitaitikia sala yao tu, imbwa atasikia, na dada yangu akiona imbwa atajua. Jioni ya tatu akaona dada anatoka mu kungu, ana kitu mu mikono miwili. Alisema moyo wake uliruka. Alisema, njo jembe. Akaanza kufunga shuka yake vizuri na kujipangusa uso, asiingie nyumbani muchafu."

Marcellin alicheka kidogo, namna tunavyocheka habari ya marehemu tuliyemupenda. Mimi sikuweza kucheka, sikuweza kulia.

Nilimupa maharagi yote, kapu na yote, akanipa imbwa. Alishangaa, akakubali. Nilipanda hapa jua lingali juu. Nikachukua jembe nyuma ya nyumba, lile lile, nikaenda ku miti ya mugomba, nikachimba. Nilichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Hakukuwa kitu. Kigogo kilikuwa kimeoza zamani, mukeka umeoza, udongo mweusi tu.

Nyirabagenzi alitoka kwa Karangwa, akasimama juu yangu. Aliona imbwa. Aliona muguu mumoja mweupe.

"Unachimba nini?" akauliza.

"Ninachimbua Straton."

Kisha akasema, "Umechelewa, wifi." Akashuka mu shimo, akanyanganya jembe mu mikono yangu, akaendelea kuchimba yeye.

Basi, njo hivyo. Jiwe munaloona pale mulangoni si lile, lile liko Buleusa, nilienda kuliona na kulishika, liko na ule mufuo wa mikono ya mama yetu. Hili ni jiwe la muto tu. Kila jioni ninasali, nikifika mwisho ninasema kama yeye, ndefu, na ninakohoa, mimi ambaye sina kikohozi. Tumeona anatoka, anazunguka mara tatu, anachuchumaa. Na anageuza kichwa, ananitafuta mulangoni, ananiangalia machoni mpaka amalize. Anataka mimi nimulindie mugongo. Mimi Verdiane.

Haya, nimemaliza. Sasa anayetaka kucheka, acheke.